Bi. Jane Addams, Aliyewapitisha Vijana Mlango Mmoja na Mama Zao

Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa msuka ukili. Baada ya Sala ya Alasiri alikuwa akikaa barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, mpaka karibu na Magharibi, na mikono yake ilikuwa haitulii: mara achane miyaa, mara airoweke, mara asuke. Mikeka aliyoitengeneza ndiyo tuliyolalia, ndiyo tuliyosalia, na ile iliyozidi iliuzwa ikaninunulia madaftari ya skuli.

Siku moja alinituma nichukue mkeka mpya niupeleke kwa mnunuzi aliyekaa karibu na skuli yetu. Ilikuwa saa ya wanafunzi kutoka. Niliukunja mkeka ule, nikauweka begani, kisha nikaiacha njia kuu na kuzunguka vichochoroni, kwa kuona haya wenzangu wasije wakaniona na kazi ya bibi yangu. Nilichelewa kurudi, naye akajua kwa nini nimechelewa. Hakuniuliza neno. Tangu siku hiyo hakunituma tena, na alipofariki dunia nilikuwa sijajifunza hata kuanza ukili mmoja.

Msomaji mpenzi, jambo hilo nimeishi nalo miaka mingi, na lililonifanya nilitoe hadharani leo ni kusoma habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki tangu mwaka 1935. Jina lake ni Bi. Jane Addams. Hakuwa wa dini yetu wala wa pwani yetu, lakini alikutana na mtoto aliyefanya vile vile nilivyofanya mimi, na yeye akajua la kufanya. Kwa hivyo nimeona niwasimulieni maisha yake, hasa yale aliyowafanyia vijana kwa kazi za mikono na michezo ya kuigiza.

BINTI WA MSAGAJI

Jane Addams alizaliwa tarehe 6 Septemba, 1860, katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Baba yake, John Addams, alikuwa na mashine ya kusaga nafaka iliyoendeshwa kwa maji ya mto. Juu ya hayo alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo lake, na alijuana na Rais Abraham Lincoln. Mama yake Jane alifariki binti huyo akiwa na umri wa miaka miwili tu. Alipofika miaka minne akapatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi yaliyomwacha na mgongo uliopinda na kichwa kilichoelemea upande mmoja.

Alimpenda baba yake kupita kiasi. Alikuwa amesikia kwamba kidole gumba cha msagaji huwa bapa kwa sababu ya kuupima unga baina ya vidole mwaka nenda mwaka rudi, na cha baba yake kilikuwa hivyo. Basi yule mtoto akawa akikaa penye mawe ya kusagia akiusugua unga kwa vidole vyake vidogo, kwa tamaa ya kukipata kidole kama kile. Tangu utotoni alijua kwamba kazi huacha alama yake katika mkono wa mtu, na kwamba alama hiyo ni ya fahari.

Lakini mapenzi hayo hayo yalimtia haya. Wageni walipokuja kanisani siku ya Jumapili, aliona itakuwa fedheha kubwa wakijua kuwa kile kitoto chenye mgongo uliopinda ni binti wa yule bwana mzuri wa umbo. Kwa hivyo alikuwa akijitenga na baba yake njiani na kufuatana na ami yake, ili wageni wasitambue. Hali ikawa hiyo mpaka siku moja walipokuwa katika mji ulio jirani. Baba yake alikuwa akitoka benki, akamwona binti yake katikati ya umati. Bwana yule akaivua kofia yake ndefu na kumwinamia, mbele za watu wote, kama ainamiwavyo bibi mkubwa wa heshima. Haya ya yule mtoto ikayeyuka siku hiyo.

Kisa hicho nakiona kuwa ufunguo wa maisha yake yote. Mwenye kuona haya hakaripiwi, wala hahubiriwi. Huonyeshwa heshima mbele za watu, na haya hujiondokea.

KUTANGATANGA

Alisoma katika skuli ya juu ya wasichana ya Rockford na kumaliza mwaka 1881. Mwaka huo huo baba yake akafariki. Binti akaingia chuo cha udaktari cha wanawake huko Philadelphia, lakini mgongo ukamrudisha kitandani na udaktari ukaishia hapo. Akawa msichana tajiri, mwenye elimu, asiye na kazi. Wenziwe wa namna hiyo walikuwa wakipelekwa Ulaya kutazama majumba na picha, naye akapelekwa.

Huko ndiko alikofumbuliwa macho. Usiku wa Jumamosi mmoja wa mwaka 1883, katika mitaa ya maskini ya mashariki ya London, aliona mboga zilizokwisha kuoza zikinadiwa, na watu wakizigombania kwa mikono iliyonyoshwa juu. Ile mikono mitupu haikumtoka akilini. Safari ya pili, mwaka 1888, alikuwa Madrid katika mchezo wa kupigana na ng'ombe. Alikaa akitazama damu ikimwagika pasina kuguswa, na usiku wake akajishangaa: amesoma vitabu vyote hivyo, na moyo umekuwa mgumu kiasi gani! Hapo akakata shauri kuacha kujiandaa kwa maisha na kuanza kuyaishi. Alipita London kuitazama Toynbee Hall, nyumba ambayo vijana waliosoma walikuwa wakikaa katikati ya maskini kama jirani zao, kisha akarejea kwao.

NYUMBA YA MTAA WA HALSTED

Tarehe 18 Septemba, 1889, Jane Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba kuukuu katika mtaa wa Halsted, mjini Chicago. Ilikuwa imejengwa mwaka 1856 na tajiri mmoja aitwaye Charles Hull, na kwa sababu hiyo ikaitwa Hull-House. Alipoijenga, pale palikuwa pembezoni mwa mji. Walipohamia wao, mji ulikuwa umeizunguka, na mitaa yote imejaa wahamiaji: Wataliana, Wajerumani, Waairishi, Wagiriki, Wabohemia, na Mayahudi kutoka Urusi na Poland. Watu walikaa kwa msongamano, taka zikirundikana njiani, na watoto wadogo wakifanya kazi viwandani. Kuhusu zile taka, ikafika hadi mwaka 1895 Bi. Addams mwenyewe akashika kazi ya ukaguzi wake, akawa anaamka alfajiri na kuyafuata magari ya taka ahakikishe yamezoa.

Mabibi wawili hawa hawakuja na sadaka ya kugawa na kuondoka. Walikuja kukaa. Wakafungua chekechea, wakafungua jumba la picha mwaka 1891, skuli ya muziki mwaka 1893, na uwanja wa kuchezea watoto katika mji ambao ulikuwa hauna uwanja wa namna hiyo. Ellen Starr alikwenda tena London kujifunza kujalidi vitabu kwa mkono, kisha akarudi kuwafundisha wengine. Kidogo kidogo nyumba moja ikazaa nyingine, mpaka yakawa majengo kumi na matatu.

Hata hivyo, Bi. Addams hakukawia kuona aibu iliyokuwa ikiwala vijana wa mitaa ile. Watoto wa wahamiaji walikwenda skuli wakajua Kiingereza upesi, wazazi wao wasijue. Mtoto akawa ndiye mkalimani wa baba yake dukani na mahakamani. Akazoea kumwona baba kuwa ni mjinga na mama kuwa ni mshamba. Na mtoto aliyekwisha kumdharau mzazi wake, nani tena wa kumwambia usiende huko? Vijana wengi walioharibikiwa mtaani walianzia hapo.

KIJITI CHA KUSOKOTEA UZI

Siku moja Bi. Addams alikuwa akipita njia ya Polk, akamwona kikongwe wa Kitaliana ameketi juani, anasokota uzi kwa kijiti tu, kama walivyokuwa wakisokota wazee wa zamani kabla ya gurudumu kujulikana. Kikongwe alipoona anatazamwa akauinua uzi wake kumwonyesha, na kumweleza kwamba ukizidi kidogo atamfumia soksi mtoto wake wa ubatizo. Bi. Addams akaendelea na safari yake akiwaza. Watoto na wajukuu wa wanawake kama huyu walikuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo hatua chache kutoka pale, wakiendesha mitambo wasiyojua asili yake. Na asili yake ilikuwa mikononi mwa bibi zao.

Ndipo mwaka 1900 alipofungua chumba alichokiita makumbusho ya kazi. Hayakuwa makumbusho ya vitu vilivyofungiwa ndani ya kioo. Kina mama wenyewe walikaa pale Jumamosi jioni wakifanya kazi zao mbele ya watu. Katika ujirani ule ule alipata Msyria, Mgiriki, Mtaliana, Mrusi na Muairishi, kila mmoja akisokota kwa njia ya kwao. Akawapanga kwa mfuatano, kuanzia kijiti kitupu mpaka gurudumu, na kutoka hapo mpaka mashine. Kijana aliyeingia na kutazama aliona kwa macho yake kwamba mashine ya kiwandani ni mjukuu wa kile kijiti cha bibi. Kando yake palikuwa na ufumaji, ufinyanzi, useremala, kazi za chuma na kujalidi vitabu, na vijana wakawekwa kushika na kutenda.

Na hapa ndipo anapoingia mtoto niliyemtaja mwanzo. Bi. Addams anamtaja kwa jina la Angelina. Alikuwa msichana wa Kitaliana aliyekuja kila Jumamosi jioni katika darasa la upishi, na mama yake alikuja saa ile ile kusokota uzi katika makumbusho. Walitoka nyumbani pamoja. Wakifika, mama aliingia kwa mlango wa mbele, na Angelina akazunguka na kuingia kwa mlango wa upande. Hakutaka wenziwe wajue kwamba yule mwanamke aliyejitanda kitambaa kichwani, mwenye viatu vizito na sketi fupi za kijijini, ndiye mama yake.

Jioni moja Angelina alichungulia, akamkuta mama yake amezungukwa na kundi la wageni, walimu waliotoka chuo kikuu, wakimtazama anavyosokota na kustaajabia ufundi wake. Akaja kwa Bi. Addams kuuliza kama ni kweli kwamba mama yake ni fundi mkubwa kiasi hicho. Bi. Addams hakumsuta. Alimsimulia habari za kijiji alikotoka mama yake: jinsi wanawake wa huko walivyosimama ukingoni mwa kilima na kukiachia kijiti kining'inie mbali chini huku uzi ukijisokota, na jinsi ilivyokuwa vigumu kwa mama huyo kuyaacha yote hayo na kuja kukaa katika mtaa wa moshi, asikojua lugha wala njia. Tangu siku hiyo Angelina alimruhusu mama yake kuzitoa nguo zake nzuri za kufumwa kwa mkono, ambazo zilikuwa zimefichwa sandukuni chini ya kitanda. Na Jumamosi iliyofuata akaingia kwa mlango mmoja na mama yake.

Nilipofika hapo katika kusoma, sikuona haya kulia. Bibi yangu hakupata wageni wa kumzunguka.

WATOTO WATATU NA MUUZA MAZIWA

Basi hiyo ni mikono. Na jukwaa je?

Chicago ya siku zile ilikuwa imejaa majumba ya senti tano, yaliyoonyesha sinema na michezo ya rahisi. Watoto walikwenda huko makundi kwa makundi, na wengine walikuwa tayari kuiba senti hizo tano. Mwaka 1909 Bi. Addams alitoa kitabu kuhusu vijana na mitaa ya mji, na ndani yake alisimulia kisa cha wavulana watatu, wa miaka tisa, kumi na mmoja, na kumi na mitatu. Walikuwa wameona katika mchezo jinsi majambazi wanavyoliteka gari la farasi na kumnasa mwendeshaji kwa kamba yenye kitanzi. Wakakaa wiki nyingi wakipanga kumfanyia hivyo muuza maziwa wa mtaa wao, aliyeanza mzunguko wake saa kumi za alfajiri. Walifanya banda moja kuwa kambi yao, wakadunduiza pesa wakanunua bastola. Alfajiri moja wakajifunika nyuso kwa vitambaa vyeusi na kumvizia. Kamba ikarushwa, farasi akashtuka, risasi ikatoka ikaenda upande, na muuza maziwa akasalimika kwa bahati tu.

Watu wengi wangesema dawa ni kuwachapa watoto hao na kuyafunga majumba yale. Bi. Addams alitaka majumba yale yasimamiwe, lakini aliona mbali zaidi. Aliona kwamba kijana ana njaa ya hadithi kama alivyo na njaa ya chakula, na asipoandaliwa chakula kizuri nyumbani atakula cha jalalani. Wavulana wale walikuwa na subira, siri, mpango na ushirikiano, yaani kila kitu kitakiwacho katika mchezo wa kuigiza. Walichokosa ni jukwaa na mtu mzima wa kusimama nao.

Nisiwafiche kwamba naye alipata kushindwa. Mwaka 1907 Hull-House ilifungua jumba lake la sinema la senti tano, likaonyesha hadithi safi za watoto. Halikudumu. Katika njia ile ile palikuwa na majumba mengine yenye bunduki na mbio za farasi, na watoto wakaenda huko. Somo likawa wazi: kumpa kijana kitu kizuri akae akitazame tu hakutoshi. Lazima akifanye mwenyewe.

UKUMBI WA HULL-HOUSE

Kwa bahati njema, walikuwa tayari na pa kufanyia. Mwaka 1899 Hull-House ilikuwa imejenga ukumbi wa michezo juu ya mkahawa wake. Marekani ya wakati ule pia walikuwako wacha Mungu walioona jukwaa kuwa ni njia ya upotofu, kama walivyo baadhi ya wazee wetu. Jibu la Bi. Addams lilikuwa ni vitendo. Walimu walikuwa wakikaa na kundi moja la watoto tangu wadogo mpaka wakawa watu wazima. Mwalimu Edith de Nancrede alifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Mtoto aliyeanza kama kibwengo katika mchezo wa hadithi za kale alikuja kuwa kijana anayeigiza michezo ya waandishi wakubwa, pamoja na wale wale aliocheza nao utotoni. Na kama ajuavyo kila aliyepata kuandaa mchezo, jukwaa haliwi la mwenye kusema peke yake. Yuko mshona nguo, mchora pazia, mshika taa, na hata yule mwenye haya ambaye kazi yake ni kuvuta kamba. Kila mmoja akikosekana, mchezo umeharibika.

Watu wazima nao walikuwa na chama chao, kilichoanza mwaka 1897 na kusimamiwa miaka mingi na Bi. Laura Dainty Pelham. Hao walikuwa watu wa mitaa ile ile, wenye kazi zao za mchana, lakini usiku waliigiza michezo mizito, na watu wa Chicago ya matajiri wakawa wanakuja mtaa wa Halsted kuwatazama. Walithuania, Wapoland na wengineo walilitumia jukwaa hilo hilo kwa lugha zao wenyewe.

Jambo lililonigusa zaidi ni la Wagiriki. Wengi wao Chicago walikuwa wauza matunda na peremende njiani, na wenyeji waliwadharau kama watu wasio na asili. Mwaka 1903 wauza matunda hao walipanda jukwaa la Hull-House wakaigiza Ajax, mchezo ulioandikwa na Sophocles zaidi ya miaka elfu mbili na mia nne iliyopita, kwa Kigiriki chao cha kale. Maprofesa waliokuwa wakiisoma lugha hiyo vitabuni wakaja kukaa na kuwasikiliza wauza matunda. Nao Wagiriki hawakuona kwamba wanastarehesha watu. Waliona kwamba wanawafundisha Wamarekani wasiojua fahari ya Ugiriki. Hiyo ndiyo ile kofia ya baba ikivuliwa mbele za watu kwa mara nyingine.

LAWAMA NA HESHIMA

Bi. Addams hakukomea jukwaani. Yeye na wenziwe walipigania sheria za kuwatoa watoto viwandani, na walikuwa miongoni mwa waliofanya iundwe mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani, mjini Chicago, mwaka 1899, ili mtoto aliyekosea asifungwe pamoja na majambazi wakubwa. Mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha NAACP cha kutetea haki za watu weusi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alivipinga waziwazi. Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa wanawake huko The Hague wa kutafuta amani. Nchi yake ilipoingia vitani mwaka 1917 naye akabaki na neno lake, magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakamgeuka na kumwita msaliti. Alivumilia. Mwaka 1931 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Alifariki Chicago tarehe 21 Mei, 1935, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Jeneza lake liliwekwa Hull-House, na maelfu ya watu wa mitaa ile wakapita kumuaga. Kisha akarudishwa Cedarville kuzikwa, karibu na mto uliozungusha mashine ya baba yake.

Na mbegu zake? Mvulana mmoja maskini, mtoto wa mshona nguo wa Kiyahudi, alipiga zumari katika bendi ya wavulana ya Hull-House, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Benny Goodman. Msichana aitwaye Viola Spolin alijifunza pale katika miaka ya 1920, kwa mwalimu Neva Boyd, jinsi ya kuwafundisha watoto kwa michezo. Kutokana na hayo akatunga mazoezi ya kuigiza bila ya maneno yaliyoandikwa, ambayo walimu wa uigizaji duniani wanayatumia mpaka leo. Mwaka 1927 ikaanzishwa tanuri ya vyungu, na vijana wa Kimeksiko waliohamia mtaani wakafinyanga vyombo vilivyouzwa na kusifiwa.

Majengo yenyewe hayakusalimika. Mwaka 1963 mengi yalibomolewa kupisha chuo kikuu, ikabaki nyumba ya asili na ukumbi wa kulia, ambavyo ni makumbusho. Jumuiya iliyorithi kazi yake iliendelea mahali pengine, lakini mwaka 2012 ikafunga milango kwa kukosa fedha. Nayataja hayo ili tusidhani kwamba jambo jema hujiendesha lenyewe. Linahitaji watu na mali, kila mwaka, kila kizazi.

MLANGO MMOJA

Sasa nirudi kwetu. Sisi watu wa pwani hatukukosa mali ya kuonyesha. Lamu wapo mafundi wa kuchonga milango. Matondoni wapo waunda majahazi. Wapo mabibi wanaoshona kofia tundu kwa tundu, na wapo wasuka mikeka kama marehemu bibi yangu. Ziko hadithi, ziko tenzi, kuna maulidi na matari yake. Lakini kijana wetu anakaa barazani na simu mkononi, anatazama ya watu usiku kucha, na akiona bibi anachana miyaa hageuzi hata shingo. Tukimlaumu yeye tutakuwa tumekosea. Ni nani aliyemwita bibi huyo skulini akaketishwa mahali pa heshima, na walimu wakamzunguka kumtazama anavyosuka? Ni nani aliyewaambia vijana wa mtaa watunge mchezo wa maisha yao wenyewe, kwa adabu na mipaka ya dini yetu, akawapa ukumbi na kuketi mstari wa mbele kuwatazama?

Hayo hayahitaji jumba la Chicago. Yanahitaji chumba cha skuli kilichofungwa baada ya saa tisa, mzee mmoja mwenye ufundi, na mtu mzima mmoja atakayekuja kila wiki bila ya kuchoka. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini hutunzwa tu ikiwa watu wa kwao wamekuja kumtazama.

Mimi nimechelewa. Mkeka mmoja wa bibi yangu ninao bado, umekatika pembeni, na sijui kuutengeneza. Mwezi uliopita nilimpata mama mmoja wa makamo yake, jirani yetu, nikamwomba anifundishe. Alinicheka kwanza, mtu mzima na mvi zangu! Kisha akanisogezea fungu la miyaa. Wajukuu zangu wawili walikuja kuchungulia mlangoni waone babu anafanya nini. Tukawaita waingie.